Chati ya Saa Moja

Meneja wa idara ya maji alikutwa chini ya ngazi za dharura, shingo imevunjika, miwani ingali usoni. Daktari wa polisi alionyesha michubuko ya vidole kwenye mabega. Alisukumwa.

Inspekta alikuwa hajalala tangu juzi. Mfagizi alimwambia kwamba alisikia kishindo saa moja asubuhi, akideki ukumbi. Mlango wa ngazi zile hufunguliwa kwa kadi, na kila kadi huacha kumbukumbu kwenye kompyuta.

Afisa takwimu, mtu mpole wa makamo, alimpisha kwenye kiti chake.

"Siku hizi hatuhangaiki, afande. Kuna msaidizi wa akili mnemba. Muulize kwa Kiswahili tu, atachimbua kwenye hifadhidata akuchoree chati."

Inspekta akadonoa kwa vidole viwili: *Nani alifungua mlango wa ngazi za dharura saa moja?*

Ikachorwa nguzo moja ya buluu. Chini yake pameandikwa: mlinzi. Inspekta alishusha pumzi. Alichokiona pale, kusema kweli, kilikuwa kitanda chake.

"Ulifungua mlango ule?" alimuuliza mlinzi kituoni.

"Nilifungua, afande. Usiku wa manane, nikizunguka lindo."

"Marehemu kasukumwa saa moja."

"Saa moja nilishatoka kazini."

"Chati inasema ulikuwepo."

"Basi inasema uongo."

"Chati haina ugomvi na wewe, mzee."

Akawekwa mahabusu. Kesho yake angesomewa shtaka la mauaji.

Asubuhi mke wa mlinzi alikuja kituoni. Hakulia.

"Saa moja baba watoto huwa anamwogesha mwanetu. Mtoto hawezi kusimama, afande. Mimi mgongo huu haubebi tena. Mkimfunga, nani atamnyanyua?"

"Pole, mama. Ushahidi ndio huu."

Akamfunulia chati ili aache kubishana naye. Hapo ndipo macho mekundu ya Inspekta yalipotua kwenye tarakimu ndogo chini ya nguzo: 01:00. Mashine ilikuwa imemjibu kuhusu saa saba usiku, si saa moja asubuhi. Inspekta alijiona mjinga kupindukia.

Alirudi idarani, akaandika upya: *saa moja asubuhi, yaani 07:00*. Nguzo ikawa moja tena. Safari hii ilikuwa ya afisa takwimu, aliyesimama nyuma ya kiti.

"Jana uliona nilivyokosea?"

"Niliona."

"Ukanyamaza."

"Aliyeuliza ni wewe, afande."

"Ulimsukuma kwa nini?"

Yule mtu alikaa kwenye ukingo wa meza.

"Chati zote za idara hii nilikuwa nachora mimi. Meneja akaniambia nimfundishe msaidizi kila ninachokijua. Nikamfundisha. Asubuhi ile akanipongeza pale ngazini, eti sasa nikapumzike nyumbani. Anatabasamu! Mikono ikatangulia."

"Na mlinzi je? Angefia jela."

"Nilingoja uulize swali la pili. Hukuuliza. Watu wakishaletewa chati huwa hawaulizi."

Inspekta alichomoa pingu kiunoni. Alimfunga, na hasira aliyokuwa nayo haikuwa ya mtu huyu peke yake.

Chumba cha mahabusu alikwenda kukifungua mwenyewe. Njia nzima alikuwa akipanga maneno ya kuomba radhi. Alipofika mlangoni alizungusha ufunguo. Mlinzi alikuwa amesimama peku, hamtazami usoni.

"Afande, naomba viatu vyangu. Mwanangu hajaogeshwa tangu jana."