Mashimo Matatu Kando ya Maiti

Osvaldo Ferrucci alikuwa amelala kifudifudi katikati ya mahindi, hatua tano tu kutoka kwenye mashine yake ya kuvunia, kisogo kimepasuka. Spana yenye damu ilikuwa pembeni. Haikuwa hata saa mbili asubuhi, na Sajini Peralta alikwishamtia mtu pingu!

"Dereva wake huyu, Afande. Eusebio Lencina. Jana waligombana mbele za watu, na spana ni yake. Saa sita mwendesha mashtaka anamchukua. Kesi imekwisha."

"Haki ya Mungu sikumuua!" Eusebio alilia. "Afande, nina watoto watatu mimi!"

Inspekta Nélida Arrascaeta alikuwa amechuchumaa, macho ardhini. Mchicha mwitu ulisimama hapa na pale kati ya mahindi, ule wa shina jekundu unaokunywa dawa za magugu kama watu wanavyokunywa chai, na bado unanenepa. Lakini kando ya maiti palikuwa na mashimo matatu, udongo wake ungali mbichi.

"Peralta! Nani kang'oa magugu hapa?"

"Magugu? Afande, tuna maiti!"

"Kayang'oa na mizizi, halafu hakuyatupa. Kaondoka nayo. Eusebio, wewe ukiuona mchicha huu unafanyaje?"

"Napita juu yake na mashine. Nifanyeje tena?"

"Umesikia, Sajini? Ukiutupa chini, mbegu zinapukutika. Anayejua vita hii huutia mfukoni. Nani huku hufanya hivyo?"

Peralta akacheka. "Labda Mzee Delmo Giraudo, jirani. Huyo hata mazishi ya mkewe aliyasimamisha njiani ili ang'oe mmoja."

"Twende! Mbio!"

Walimkuta mzee uani, pikapu yake imeegeshwa kando ya banda la kuku.

"Mzee wangu, shikamoo. Shamba lile la mauaji uliingia lini mara ya mwisho?"

"Sijalikanyaga tangu Krismasi."

Nélida alikuwa amekwishafika nyuma ya pikapu. Mfuko wa nailoni, umefungwa kwa kamba. Akaufungua. Mashina matatu mekundu.

"Michicha hii umeing'oa wapi?"

"Barabarani."

"Na damu hii kwenye majani, ni ya barabarani?"

Mzee akaikalia ndoo iliyokuwa karibu, taratibu, akaitazama mikono yake.

"Nilikuwa nimekwishageuka kuondoka, Afande. Nikaiona. Miaka tisa naing'oa, siwezi kuipita."

"Ulimuua kwa nini?"

"Dawa zote zilishindwa. Mimi na marehemu mke wangu tukaingia kwa mikono, mstari kwa mstari, miaka tisa! Alikufa shamba likiwa safi, halina hata mmoja. Mwaka jana Osvaldo akaja kunivunia na mashine iliyotoka shamba chafu, imejaa mbegu. Mvua ya kwanza tu, mchicha ukaota palepale mashine ilipopita. Leo alfajiri nimemkuta akipaka grisi. Nilitaka aniombe radhi, basi. Akaniapia kwa roho ya mama yake kwamba mashine ilisafishwa. Ananidanganya machoni pangu! Spana ilikuwa juu ya ngazi ya mashine."

Saa tano na nusu, kituoni, Nélida alimfungua Eusebio pingu kwa mkono wake mwenyewe. Jamaa akamkumbatia Peralta, akambusu shavuni, akacheka na kulia kwa pamoja.

"Nilikwambia, Sajini! Nilikwambia! Lakini mzee wa watu, alikuwa na kisa gani na bosi?"

Nélida akamweleza yote, mpaka kile kiapo.

Kicheko kikamkauka Eusebio.

"Bosi hakudanganya," alisema. "Mwaka jana, kabla ya kwenda kwa mzee, aliniachia mashine niisafishe kwa upepo wa kompresa, kazi ya saa tatu nzima. Siku hiyo kulikuwa na mpira, Afande. Nikaiacha vilevile, nikamwambia tayari."