Mara Tatu Juu ya Paa

Haya sikuhadithiwa. Yalitokea nyumbani kwa dada yangu, na birika nililibandika mwenyewe.

Mume wa dada ni daktari wa meno. Wiki nzima huchungulia vinywa vya watu, kwa hiyo Jumapili alitaka kutazama kitu kikubwa zaidi. Akanunua ndege kuukuu ya kujifunzia, ya viti viwili, yenye usukani kila upande. Ukizungushwa mmoja, na wa pili unazunguka. Akitoka huko juu hucheka peke yake hadi jioni. Raha ilikuwa yake, na gharama akailipa dada: Jumapili zote alikaa peke yake, roho juu, akisubiri kusikia mngurumo.

Walikuwa na ishara yao. Shemeji akirudi hupita juu ya paa na kutikisa mabawa. Mara mbili, bandika chai. Mara tatu, nina mgeni, ongeza kikombe. Na mgeni alikuwa mmoja tu, mwalimu wake wa urubani, mzee mnene asiye na maneno. Akimaliza chai hufunika kikombe kwa kisahani, yaani ametosheka.

Mwalimu akafa kwa maradhi, kitandani kwake, tukamzika. Jumapili ya pili baada ya mazishi, mabawa yakatikisika mara tatu. Dada akaongeza kikombe. Shemeji akaingia peke yake.

"Mgeni yuko wapi?"

"Mgeni gani? Nimetikisa mbili."

Jumapili iliyofuata, tatu. Na iliyofuata tena. Dada akaniita. Mimi wanaume nawajua, maana ni mmoja wao.

"Kuna mwanamke anamshusha njiani," nikamwambia. "Mkono wake umezoea kumhesabu na mgeni."

Nikaenda uwanjani kukagua ndege. Nilinusa kiti cha kulia nikitafuta manukato, nikaambulia harufu ya mafuta ya injini. Ila kiti kilikuwa kimesukumwa nyuma kabisa, na mkanda umelegezwa hadi mwisho. Basi ni mwanamke mwenye mwili, nikasema moyoni. Fundi wa ndege naye akanisogelea.

"Siku hizi inakimbia sana kabla ya kuinuka," akasema kwa sauti ya chini. "Utadhani amepakia mtu."

Hapo nikajiona nimemaliza kesi. Dada alifunga begi lake, akaliweka nyuma ya mlango wa chumbani.

"Jumapili hii kwenye hicho kiti nakaa mimi," alisema. "Nikiokota hata unywele usio wangu, naondoka siku hiyo hiyo."

Mimi nikabaki nyumbani kuhesabu.

Saa nne asubuhi nikasikia mngurumo. Nikatoka uani. Anga ilikuwa nyeupe, haina wingu. Bawa likainama. Moja. Mbili. Nikashusha pumzi.

Tatu.

Nikacheka kwa hasira. Yaani na mke yumo ndani, mkono bado unamtaja mwingine. Niliposikia gari lao nikamimina chai vikombe vinne, na cha mgeni nikakijaza kwa makusudi, nimwone shemeji atakitazama vipi. Kisha nikaenda kufungua geti.

Dada alishuka kwanza. Akanishika mkono.

"Ametikisa mara ngapi?" akanong'ona.

"Tatu."

Shemeji alikuwa bado ameshika mlango wa gari.

"Leo sikutikisa," akasema. "Tulipatana nisitikise. Mikono niliiweka mapajani, aione."

"Niliiona," dada akasema. "Na yangu ilikuwa mapajani."

Nikaanza kuogopa, sina haja ya kuficha.

"Kiti kilibana," dada akaongeza polepole. "Mimi nilivyo mwembamba. Nilikaa pembeni, kama tuko wawili."

Tukaingia ndani. Nyumba ilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea nje, na wote tulikuwa tumesimama mbele yake. Mezani vikombe vitatu vilikuwa vinafuka. Cha nne kilikuwa kimefunikwa kwa kisahani.

Nilikifunua mimi. Kilikuwa kitupu, na bado cha moto.

Dada akakitazama.

"Heri angekuwa mwanamke," akasema.

Akaingia chumbani kulichukua begi. Safari hii akatia na nguo za mumewe.