Maoni Yangu Kuhusu Kitabu cha Sita

Kila siku nikitoka shule nilikuwa na kazi mbili: kuosha trei za mikate za mama, na kusoma. Mama ni mwoka mikate, na trei zake hunata pembeni kama zinakukomoa. Nilizisugua mbio mbio, kitabu nimekiegemeza kwenye ndoo, macho huku, mikono kule.

"Wewe Cherehani," mama alikuwa akipaza sauti kutoka ndani, "trei hiyo unaiosha au unaisomea?"

Cherehani ndiye mimi. Waliniita hivyo kwa sababu nikianza kusema sina kituo. Sikukasirika. Kweli ni kweli.

Ugonjwa wangu wakati huo ulikuwa mfululizo wa vitabu uitwao Mji wa Ngazi. Vilikuwa tisa, kila kimoja kinene kama tofali. Usiniulize ni hadithi za aina gani, maana tutakesha. Kuna majini, lakini majini hao wana mahakama. Kuna mpelelezi, binti wa miaka kumi na minne, anayesafiri kwa chombo cha angani. Kuna mahaba kidogo, vichekesho tele, na katikati ya kitabu cha tatu utakuta kurasa nane nzima za kupika supu. Wengine walisema mwandishi hajui anachotaka. Mimi nilisema anataka kila kitu, na mimi pia ninataka kila kitu.

Vitabu hivyo vilikuwa katika maktaba ya mtaa, kwa mkutubi tuliyemwita Bi Gundi, kwa kuwa vidole vyake havikuwahi kukauka gundi. Kitabu kikichanika alikifumua, akakishona upya na kukivalisha jalada la kitambaa. Tena alikuwa na utaratibu wake: nyuma ya kila kitabu alibandika karatasi, na kila aliyemaliza kukisoma aliandika humo maoni yake, mistari miwili mitatu, bila jina. Wasomaji waligombana kwenye karatasi hizo mpaka raha. Mmoja akisema mpelelezi ni shujaa, wa pili anamjibu chini yake kwamba ni mbeya tu.

Siku moja Bi Gundi akatutangazia kwamba kitabu cha kumi, cha mwisho, kimefika. Nakala moja tu!

"Atakayekisoma kwanza ni yule aliyesoma vyote tisa," alisema. "Wakizidi mmoja, Jumamosi watasimama mbele ya wasomaji. Kila mtu ataokota namba na kutoa maoni juu ya kitabu cha namba hiyo. Kisha tutapiga kura. Haya, nani amesoma vyote?"

Mkono wangu ulikuwa juu kabla hajafunga mdomo. Mkono mwingine ukapanda taratibu. Ulikuwa wa Kobe, mvulana wa darasa letu anayesoma kwa kufuatisha kidole, neno kwa neno. Ilimchukua zaidi ya miaka miwili kufika cha tisa.

Sasa niseme ukweli. Mimi nilikuwa nimesoma vinane. Cha sita kilinishinda. Kinaanza na kesi ya majini, mashahidi wanasema na kusema, nikakifunga ukurasa wa thelathini na kurukia cha saba. Nikajiambia, nani atajua?

Ijumaa hofu ikanishika. Je, nikiokota sita? Nikatimua mbio hadi maktaba. Cha sita kilikuwa kimetoka kushonwa upya, kina jalada la kijani linalonuka gundi mbichi. Muda wa kusoma kurasa mia tano sikuwa nao. Nikafungua nyuma, kwenye karatasi ya maoni.

"Kumbe maji machafu ndiyo yaliyowaua wote wale!" aliandika mmoja. "Sura ya pili imenitoa machozi."

"Siku ishirini na moja. Nilihesabu, na kweli mayai yakapasuka! Mwandishi huyu si mwongo."

"Sura ya chanjo ni tamu kuliko zote. Ningekisoma kitabu hiki mwaka jana, wasingekufa wengi."

Huyu wa mwisho, nikawaza, amezama kwenye hadithi mpaka anajilaumu. Mtu mwingine angeshtuka, lakini kwangu mimi niliyezoea mahakama ya majini na kurasa nane za supu, mayai na chanjo vilikuwa na ajabu gani? Nikajazia mwenyewe: majini wameugua, na mayai bila shaka ni ya joka. Nikayakariri maoni yote na kurudi nyumbani nikiimba.

Jumamosi ukumbi wa maktaba ulijaa. Kobe aliokota namba mbili. Akasimama, akakuna kichwa, akasema, "Kitabu cha pili nilikipenda. Mpelelezi anaogopa ngazi, lakini anapanda. Mimi pia naogopa, hasa leo." Akakaa. Watu wakampigia makofi mepesi.

Nikatia mkono kwenye kopo la namba. Sita! Sikutikisika hata kidogo.

"Ndugu wasomaji!" nilianza. "Kitabu cha sita kimenitoa machozi! Maji machafu yalipoanza kuwaua, mmoja baada ya mwingine, usingizi uliniruka! Halafu mayai! Siku ishirini na moja, wenzangu, ishirini na moja hasa, mayai yakapasuka! Na ile sura ya chanjo! Ukiisoma lazima..."

Niliona watu wanatazamana. Nyuma kabisa, mzee mmoja mfugaji aliyekuja kurudisha gazeti akasimama.

"Mjukuu wangu," alisema, "hayo ya siku ishirini na moja niliyaandika mimi kwa mkono wangu. Lakini niliyaandika kwenye kitabu cha ufugaji wa kuku!"

Bi Gundi akakimbilia rafuni, akavileta vitabu viwili vya jalada la kijani, akavifungua nyuma. "Lo! Kosa ni langu!" alisema. "Nilivishona siku moja, nikachanganya karatasi. Ya kuku nimeibandika kwenye cha sita!"

Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Watu walishika mbavu. Mfugaji alicheka mpaka akafuta macho kwa kofia. Kisha dada mmoja akapaza sauti, "Huyu mtoto ni hatari! Ameliona kosa akalifanyia mchezo! Ametuigizia!"

"Ametuigizia!" wengine wakadakia. Ilipopigwa kura, mikono ilijaa juu upande wangu. Kobe alipata mitano. Naye Kobe, huwezi kuamini, alikuwa akinipigia makofi, meno yote nje, amefurahi kweli kweli.

Bi Gundi akaninyooshea kitabu cha kumi. Jalada lake lilikuwa la bluu, halijaguswa na mtu. Nilikitaka, jamani! Kunyamaza tu kulitosha kukipata. Lakini nilimtazama Kobe na makofi yake. Nikaona aibu ambayo sijawahi kuiona maishani mwangu.

"Sikuigiza," nilisema.

"Sema kwa nguvu," Bi Gundi alisema.

"Sikuigiza! Sijakisoma cha sita. Niliishia ukurasa wa thelathini, nikakariri maoni ya watu. Nilidhani mayai ni ya joka. Kitabu ni cha Kobe. Kobe, nisamehe."

Halafu mfugaji akasema, "Ya joka!" na kicheko kikaanza upya, mimi mwenyewe nikacheka huku machozi yananitoka. Kobe alikipokea kitabu kwa mikono miwili. "Nitakiharakisha," aliniahidi. Maskini, hakuweza. Alikaa nacho miezi miwili na nusu.

Nilipomsimulia mama, alicheka mpaka akaunguza trei moja ya mikate. "Njia ya mwongo fupi, mwanangu," alisema. "Yako ilikuwa fupi kama kidole gumba."

Mimi nilianza cha sita, ukurasa wa kwanza. Kurasa sabini zilinichosha kweli. Ukurasa wa sabini na moja akaingia shahidi mmoja, jini bubu, akaiambia mahakama yote kwa mikono yake. Niliweka trei chini nikalia, safari hii machozi yangu mwenyewe.

Nilipokirudisha, Bi Gundi alinipa kalamu. Nikasita. "Bi Gundi, naweza kuandika kwamba mwanzo wake unachosha?"

"Andika."

Nikaandika: "Kurasa sabini za mwanzo zinachosha, nami nilizikimbia. Usikimbie. Mngoje jini bubu."

Bi Gundi alisoma, akatabasamu, akaniwekea mkono begani. "Siku ile ungeniambia kitabu kimekushinda, ningekuambia uandike hivyo hivyo. Wapo wanaokipenda, wapo wanaokichukia, na wapo wanaochoka njiani, na wote hao nawaamini, kwa kuwa wamesema walichokiona. Maoni ya mwenzako hata yawe matamu vipi, mwanangu, wewe ukiyasema kama yako yanakuwa uongo."

Akafunga kitabu cha sita na kukirudisha rafuni, tayari kwa msomaji mwingine.