Barua Aliyoipeleka Mwenyewe

Mtaani walimwita Mama Pini, kwa sababu alishona huku pini zimejaa mdomoni. Alikuwa fundi cherehani, na mkono wake wa kulia ulisifika. Pindo aliloshona yeye halikufumuka mpaka nguo ichakae.

Siku alipofika kazini na jicho limevimba, wateja waliuliza. Alitoa pini mdomoni akajibu, "Nimejigonga mlangoni."

Maskini mlango wa watu! Mwaka ule ulisingiziwa mara nne.

Mara ya tano, jirani yake, muuguzi wa zahanati, aliingia kibandani akavuta kiti.

"Shoga, huo mlango wenu una ngumi? Mficha uchi hazai. Sema."

Mama Pini alilia, kisha akasema yote. Mumewe, dereva wa lori, alimpiga kila aliporudi safari. Wakwe walimwambia avumilie, eti ya ndoa ni ya chumbani.

"Kupigwa si ndoa," muuguzi akasema. "Ni kosa la jinai. Twende polisi."

Askari wa kaunta aliandika maelezo vizuri. Hakumkejeli. Alipomaliza, alimpa bahasha.

"Hii ni barua ya wito. Mpelekee mumeo, aje kesho saa tatu."

"Nimpelekee mimi?"

"Sasa nani, mama? Wewe ndiye unayejua anapokaa. Ndio utaratibu."

Mama Pini alimtazama muuguzi. Muuguzi aliona muhuri, akaitikia kwa kichwa. Wengi wetu tukiona muhuri, tunadhani aliyeupiga amefikiri.

Mumewe aliisoma barua huku anakunywa chai. Akacheka.

"Kumbe siku hizi wewe ni tarishi?"

Aliukamata mkono wa kulia, ule ulioleta barua, akauweka kati ya mlango na fremu, akausukuma mlango kwa bega. Safari hii kweli ulikuwa mlango.

Hospitali, karani alisema hatibiwi bila fomu ya polisi. Mama Pini alikaa kwenye benchi saa tatu nzima, vidole vikizidi kuvimba, muuguzi akiifuata fomu. Aliporudi nayo, aliibwaga mezani kwa karani kwa hasira. Alijikasirikia na yeye mwenyewe.

"Nisamehe, mwenzangu. Nilijua kukupeleka, sikujua kukataa. Kupeleka wito ni kazi ya askari. Aliyepigwa harudishwi kwa aliyempiga, anapewa pa kulala. Na jeraha litibiwe kwanza, fomu ifuate."

"Usiniambie mimi," Mama Pini akajibu. "Tukawaambie wanaoandika huo utaratibu."

Walikwenda wote wawili kwenye kikao cha halmashauri, ambako wakuu wa polisi na wa hospitali huhudhuria, mkono ukiwa bado kwenye plasta. Mwenyekiti alisikiliza, akakohoa.

"Pole sana, mama. Ila askari wetu ni wachache."

"Pole ninazo tele, mwenyekiti, hata droo ya cherehani haifungi. Askari wameshindwa kubeba bahasha moja, mkaona mimi ndiye nitaiweza?"

Mwenyekiti akaita ajenda iliyofuata. Walirudi kikao cha pili, cha tatu, cha nne. Kikao cha tano plasta ilikuwa imeshatolewa. Mama Pini aliuweka mkono mezani, juu ya karatasi zao. Vidole vitatu havikunyooka. Safari hii mwenyekiti hakukohoa.

Mumewe alifungwa. Utaratibu nao ukabadilishwa. Sasa wito unapelekwa na askari. Hospitali inatibu kwanza, na fomu inajazwa hapohapo. Nyumba ya halmashauri iliyokaa tupu miaka mingi ikawekwa vitanda, kwa ajili ya wanawake na watoto wao.

Asubuhi moja, mteja wake mmoja, mwalimu kijana, alikuja kuchukua gauni. Alikuwa na alama shingoni, na hakuzificha.

"Fundi, jana nilikwenda polisi kumshtaki mume wangu. Nikauliza, barua naipeleka lini? Askari akaniambia, keti mama, hiyo ni kazi yetu. Mimi na mwanangu tumelala salama."

Mama Pini alifurahi sana. Na roho ilimuuma, tusidanganyane. Jambo dogo kama lile, kwa nini lisifanyike mpaka mtu avunjwe vidole?

"Gauni lako limebaki pindo tu," akasema, akampa sindano. "Nitungie uzi, mwanangu. Mimi siwezi tena."