Alama ya Vema Kwenye Chujio

“Kanyaga tena, nesi, taratibu,” alisema fundi, shangazi yake Njiti, kichwa kikiwa chini ya boneti.

Nesi alikanyaga mafuta. Injini, iliyokuwa ikinguruma vizuri, ilisita, ikakohoa mara mbili, kisha ikashika.

“Umemsikia huyu Kobe wangu?” nesi alilalamika dirishani mwa gari lake. “Akisimama, mzima. Nikimwambia tupande mlima, anaringa! Na keshokutwa nina chanjo za watoto kule juu.”

“Haringi. Kuna kitu anakikosa. Zima, tuone.”

Njiti, binti mwembamba wa miaka kumi na miwili, alishika tochi. Tangu shule zifungwe, alikuwa akimsaidia shangazi yake gereji. Kwenye ubao ukutani shangazi aliandika kila cha kukaguliwa: plagi, nyaya, chujio la hewa, chujio la petroli, kabureta. Kilichokaguliwa kilipata alama ya vema kwa chaki. Ambacho bado, kiliachwa wazi.

Shangazi aliusoma ubao polepole. “Plagi, vema. Nyaya, vema. Machujio yote mawili, vema. Basi imebaki kabureta.” Alishusha pumzi. “Ni kuukuu hii, nesi. Gasketi yake, ile karatasi ya kuzibia maungio, ikichanika nikiifungua, sijui nyingine tutaipata wapi.”

“Kwa hiyo nipande mlima kwa miguu, boksi la chanjo kichwani?”

Njiti aliutazama ubao. Asubuhi alikuwa ameachiwa yale machujio. La hewa alilifungua, akalikung’uta. La petroli lilikuwa chini, skrubu zake zimeota kutu, na wenzake walikuwa wanamwita wakaruke kamba. Aliweka vema mbili, akatoka mbio.

Shangazi alichukua bisibisi.

“Shangazi, ngoja.” Sauti ilitoka ndogo. “La petroli sikulifungua. Niliweka alama tu.”

Shangazi aliiacha kabureta. Kisha akainama. “Mulika huku chini. Twende tukalione.”

Lilipotoka, alilimimina kwenye sinia. Petroli ya rangi ya chai ilichuruzika pamoja na chembe za kutu. Alijaribu kulipuliza kwa pampu ya baiskeli. Hewa ikagoma kupita.

“Ukinywa uji kwa mrija ulioziba nusu,” alieleza, “ukivuta taratibu utapata. Ukitaka kunywa kwa pupa, hupati kitu. Ndivyo alivyo Kobe. Akitulia, petroli inamtosha. Akitaka kukimbia, haimfikii.”

“Mficha maradhi kifo humuumbua,” nesi alisema, akimkonyeza Njiti. “Afadhali wewe umejiumbua mwenyewe mapema.”

Shangazi alifunga chujio jipya. Nesi alikanyaga mafuta. Injini ikapanda bila kikohozi.

“Usishangilie bado,” shangazi alimwambia. “Kutu hii imetoka kwenye tangi. Tusipolisafisha, hili nalo litaziba. Niachie gari, kesho tutaanzia hapo.”

Kisha akamgeukia Njiti. “Kutomaliza kazi si kosa kubwa, mwanangu. Nafasi tupu ingeniambia, ‘Bado, njoo unikague.’ Vema ya uongo ilinifumba macho, nikakaribia kuharibu kilicho kizima. Usiweke alama mahali ambapo mkono wako haujafika.”

“Nimeelewa, shangazi. Nisamehe.”

Njiti alifuta vema ya chujio la petroli kwa kiganja, akaiandika upya. Chini yake aliongeza neno “tangi”. Mbele ya neno hilo hakuweka kitu. Alirudisha chaki mahali pake, akaenda kunawa mikono.