Mwito wa Pili

Kwanza lilikuwa jina tu. Dakika ya kumi na moja ya rekodi, katikati ya mngurumo wa mashine ya boti na changarawe zinazosuguana chini ya maji, mtu aliita: "Asiya!" Tahira akavua kaske masikioni, akatazama mlangoni. Hakukuwa na mtu. Mama yake, huyo Asiya mwenyewe, alikuwa uani anachuja mawese. Tahira akavaa kaske tena, akarudisha nyuma, akasikiliza. Ilikuwa sauti ya baba yake, Hamissi, na Hamissi alikuwa na mwaka wa tatu kaburini.

Tahira alikuwa mkusanya sauti. Rumonge nzima ilishachoka kumuuliza hiyo ni kazi gani. Alikuwa na mikro ya kuzamisha majini, yenye waya mrefu. Anaishusha ziwani, anakaa juu ya mawe kutwa nzima anasikiliza, eti utafiti. Akirudi nyumbani anazikata zile sauti, anazipanga, anazitandika moja juu ya nyingine mpaka zinakuwa kazi moja ya kukaa na kusikiliza, kama watu wengine wanavyokaa kutazama picha. Hubert, mwenye kituo cha sanaa Bujumbura, alimwahidi kwamba akimtengenezea kazi nzuri juu ya ziwa lililomeza mitaa, ataitembeza nchi za watu.

Basi binti akaenda kutumbukiza mikro palepale ilipozama nyumba yao, karibu na bandari. Maji yalipopanda, kila mtu aliokoa alichoweza. Hamissi, seremala, alirudi kuung'oa mlango alioutengeneza kwa mikono yake. Mlango uko mle mle mpaka leo. Yeye walimtoa siku ya tatu.

Na lililomchoma Tahira ni hili. Alikuwa na vyura wa Gatete, alikuwa na mashine za kukamua mawese za Kizuka, alikuwa na wavuvi wanaotukanana kuanzia alfajiri mpaka adhuhuri. Sauti ya baba yake hakuwahi kuinasa hata siku moja. Alidhani ipo tu, itakuwepo kesho na keshokutwa. Aliirudia ile "Asiya!" mpaka machozi yakamlowesha shingo.

Jioni hiyo alimwekea mama yake kaske masikioni. Bi Asiya alisikiliza, mikono yake ya mawese ikabaki hewani. Halafu akazivua polepole, akaziweka chini mbali naye.

"Ulitoa wapi hii?" aliuliza kwa kunong'ona.

"Mu maji, mama. Pale kwetu pa zamani. Si iko baba?"

"Baba yako aliniita mara ngapi kwa siku?"

"Sijui. Nyingi."

"Na kila akiniita?"

Tahira akakumbuka. Kila mtoto wa pwani ile anafundishwa kabla hajajua kuosha uso: ukiitwa mara moja, nyamaza. Jini wa ziwani anaweza kuiba sauti ya yeyote aliyefia majini, lakini pumzi yake ni ya kuita mara moja tu. Binadamu ataita tena. Ndiyo maana Hamissi hakuwahi kuita nusu. Ilikuwa "Asiya! We Asiya!" kila siku ya Mungu, na ndipo mkewe anaitika.

"Huyu ameita mara moja," alisema Bi Asiya. "Si mume wangu huyu. Futa, mwanangu. Futa leo."

"Nitafuta, mama."

Hakufuta. Mwongo mkubwa, na alijua. Alimtumia Hubert, na Hubert akapiga simu kwa furaha: "Tahira, hiyo sauti ni dhahabu! Lakini bon, inapita haraka, mutu hawezi kuishika. Irudie." Kwa fundi wa sauti kurudia ni jambo la vidole viwili: unanakili, unabandika. Vidole vyake vilisita kidogo. Kisha akanakili, akabandika. Hakuna jini aliyemlazimisha.

Kikao cha kusikiliza kilifanyika Jumapili baada ya sala ya alasiri, katika darasa moja la shule. Hubert alikuja na bafle nne, spika kubwa za kutolea sauti, akaziweka pembe nne, watu wakakaa katikati wamefungwa vitambaa machoni, ili sikio lifanye kazi peke yake. Bi Asiya alikuja na kitenge chake cha Idi. Alijisifu mlangoni: "Mutoto wangu ndiye amefanya hii." Akakaa mstari wa mbele, akajifunga kitambaa mwenyewe. Tahira, aliyesimama kwenye ordinateri, kompyuta yake ya kazi, alitaka kumwambia atoke. Aliona aibu. Akabonyeza.

Ziwa likaingia darasani. Watu wakaguna kwa raha, wengine wakatabasamu waliposikia soko lao. Dakika ya kumi na moja ikafika.

"Asiya!"

Bi Asiya akakaza mikono magotini. Hakuitika.

"Asiya!"

"Abee!" aliitika yule mama, na uso wake chini ya kitambaa ukafunguka kwa furaha, akasimama, "abee, Hamissi!"

Bafle zote nne zikanyamaza kwa mpigo, ingawa kwenye kioo mstari wa sauti ulikuwa bado unakimbia, na harufu ikapanda kutoka sakafuni, ya tope na mbao zilizooza, ile harufu ya nyumba iliyokaa chini ya maji ambayo kila aliyehama mtaa ule anaijua na hataki kuikumbuka, ikawafunika watu waliofungwa macho wasijue wakimbilie wapi, na katikati yao Bi Asiya amesimama, mdomo umeachama, koo linapanda na kushuka, na hakuna kinachotoka. Kisha mtu mmoja akapiga makofi. Wakapiga wote. Walidhani ni sehemu ya kazi. Hubert alipiga kuliko wote.

Tangu siku hiyo Bi Asiya hakutoa sauti tena, si ya kusema, si ya kukohoa, si ya kulia. Alitembea nyumbani na nyayo zake zikaacha maji juu ya saruji kavu. Mawese aliyochuja yalikutwa yana mchanga.

Mwalimu Radjabu, msomaji wa mtaani, alikuja na ubani na msahafu. Alianza kusoma mchana kweupe, na kadiri alivyosoma ndivyo bafle ya Tahira, ile ndogo iliyokaa kabatini bila waya, bila umeme, ilivyoanza kupumua, pumzi ndefu za mtu aliyetoka kuzamia, mpaka yule mzee akainua sauti juu yake na jasho likamtiririka ndevuni, akasoma, akasoma, ndipo nyayo zikakauka na harufu ikatoka nje.

"Imetoka?" alinong'ona Tahira.

"Imetoka mu nyumba. Sauti ya mama yako imeondoka nayo." Mzee hakumtazama. "Wa ziwani hakuvunja mlango, binti. Aliita, akaitikiwa. Ni wewe ulimupa pumzi ya pili. Mimi nafukuza mwizi, huyu alipewa."

"Sasa nifanye nini, Mwalimu?"

"Futa. Yote."

Kabla ya kufuta, alisikiliza mara ya mwisho, laiti asingesikiliza. Baada ya mwito wa pili sasa palikuwa na "Abee" ya mama yake, wazi, ya furaha, na mbele kidogo, kwa mbali, sauti ile ile ya mama inauliza: "Hamissi, mbona mikono yako baridi hivi?" Tahira akafuta.

"Iko nyingine popote?" aliuliza Radjabu.

"Hapana, Mwalimu."

Ilikuwepo kwa Hubert. Alidanganya kwa sababu hakuweza kustahimili dunia ambayo haina sauti ya mama yake mahali popote. Kosa lile lile alilofanya kwa baba yake alitaka kulirekebisha, na akalirekebishia pabaya.

Siku arobaini zikapita. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha kutafuna. Bi Asiya alimwita binti yake kwa kugonga sufuria. Tahira aliuza mikro. Kila usiku wa siku hizo alijaribu kukumbuka mama yake alivyosema jina lake, na kila siku likazidi kufifia.

Asubuhi moja, wawili hao wakiwa uani wanachambua ndagala, vile visamaki vya ziwani, simu ikalia. Hubert.

"Tahira! Kazi yako tunaicheza Bujumbura wiki ijayo. Lakini mbona hukuniambia ile ya mwisho?"

"Ipi ya mwisho?"

"Kule mwishoni kabisa. Mama mmoja anakuita jina. Inauma, weye! Ila alikuita mara moja tu, inapita haraka." Kompyuta ikalia upande wa pili. "Nimeirudia. Sikia."

"Hubert, usi—"

"Tahira!" Mama yake. Sauti yenyewe, na ule mkwaruzo wake wa asubuhi, na upendo wote uliokuwa ndani yake.

Bi Asiya aliona uso wa mwanawe ukigeuka, akaelewa. Akafungua mdomo kupiga ukelele na hakuwa na kitu cha kupigia. Akaruka juu ya ungo, ndagala zikamwagika.

"Tahira!"

Mtoto aliyelelewa vizuri, akiitwa na mama yake mara mbili, mdomo hauombi ruhusa. Kiganja cha Bi Asiya kilimfikia binti yake, kikamziba kwa nguvu zote. Akahisi joto la lile neno dogo likipita katikati ya vidole vyake.