Kosa Moja, Adhabu Mbili

Asubuhi katika kota za askari hapa Mwanza zilianza kwa kelele za ndoo. Mwaka ule wa 1996 bomba lilikuwa moja tu, na maji yalitoka yakipenda. Akelo, msichana wa miaka kumi na miwili, alipanga foleni kila alfajiri. Lakini wiki hiyo, jamani, hakuwa na raha hata chembe. Baba yake, Konstebo Ojuok, alikuwa amepewa barua ya kufukuzwa kazi kwa kuchelewa gwaride mara mbili. Rufaa ikishindwa, wangehama kota Jumamosi.

"Nitamwambia afisa wa mkoa atakayesikiliza rufaa kwamba Baba hakuchelewa," Akelo alisema.

Jirani yao, Sajenti Modesta, aliyekuwa akimsaidia Ojuok kuandika rufaa, aliweka kalamu chini. "Thubutu! Alichelewa, na mwenyewe amekiri. Ukidanganya utamzamisha kabisa. Hebu niambie, siku hizo nani mwingine alichelewa?"

Akelo alifikiri. Siku zote mbili alikuwa kwenye foleni ya maji nyuma ya Suzana, binti wa Koplo Mihayo. Maji yalikatika, baba zao wakangoja kuoga, kisha wakatoka mbio pamoja.

"Koplo Mihayo! Lakini yeye aliambiwa tu asirudie."

"Ahaa! Hapo sasa umesema."

Jioni walikwenda kwa Mihayo.

"Shikamoo, baba Suzana," Akelo alisalimia kwa woga.

"Marahaba, mwanangu." Walipomweleza shida yao, Mihayo alikuna kichwa weee. "Nikisema, huenda nami nikaadhibiwa. Basi na iwe. Nitasema."

Siku ya rufaa Akelo alikaa kwenye benchi la nje, akasikia yote dirishani. Mihayo alikiri bila kuficha. Afisa wa mkoa akamgeukia mkuu wa kituo, Chenge.

"Kosa moja, siku zile zile. Mbona huyu umemwonya na huyu unamfukuza?"

"Afande, hawa Wajaluo ukiwaonya hawasikii."

"Ojuok uliwahi kumwonya?"

"Hapana, afande," Chenge alikiri. Afisa akaifuta barua ya kufukuzwa, akawaonya askari wote wawili sawasawa, na Chenge akatakiwa kujieleza kwa maandishi.

Ojuok alitoka akicheka. "Nimeonywa!" alisema, utadhani amepandishwa cheo. Akelo alimkumbatia, machozi ya furaha yakimtoka.

"Umeona, mwanangu?" Modesta alimwambia. "Ungedanganya, wangefungua kitabu cha mahudhurio ya gwaride na kesi ingeishia hapo. Sisi hatukuomba baba yako asiadhibiwe. Tulitaka aadhibiwe kama mwenzake, awe wa kabila lolote. Ndiyo maana tulihitaji ukweli wote, hata ule uliotuuma."

"Nimeelewa, mama," Akelo alijibu.